Waja Leo, Waondoka Leo: Odi Iliyokataa Kuondoka

Karatasi ya ATM ilisema nina milioni nne na laki mbili. Niliifutika kwenye pindo la kanga nikavuka reli kurudi Ngamiani, hapa Tanga mjini, kwa miguu. Bajaji tatu zilinipigia honi, zote nikazikataa. Mtu mwenye milioni nne na laki mbili hana haraka. Anatembea taratibu, anaamkia watu.

Hela hizo sikuwa nazo. Nilikuwa nadaiwa milioni tano na laki nane. Benki iliniruhusu kutumia hela yake mpaka kikomo cha milioni kumi, mimi nimeshakula tano na laki nane, na kilichobaki ndicho mashine ilichokiandika chini kwa jina la "salio linalopatikana". Juu yake kulikuwa na mstari mwingine, tarakimu zake zimetanguliwa na kijistari cha kutoa. Huo sikuusoma. Wino ulikuwa umefifia, na mstari wa chini ulinitosha.

Hiyo ni Oktoba 2024. Wiki hiyohiyo nikanunua guta, lile la magurudumu matatu la kubebea mizigo.

Nirudi nyuma kidogo. Mimi nauza nafaka, jirani na soko la Mgandini. Maharage yangu yanashuka kutoka Lushoto, mahindi Handeni na Kilindi, mchele naupata Korogwe na mwaka ukiwa mbaya naagiza Mbeya. Rejareja inalisha nyumba. Kilichonifikisha benki ni shule: nina shule mbili za bweni ninazozipelekea chakula, na shule hailipi mzigo ukishuka. Unapeleka magunia, mtunza stoo anahesabu, anasaini hati ya kupokelea, unaacha ankara ofisini, kisha unakaa. Siku sitini, siku tisini, kuna mwaka nilikaa zaidi. Wakati huo mkulima wa Lushoto yeye anataka hela yake lori likiwa bado linanguruma mlangoni. Katikati ya huyo anayetaka leo na yule atakayelipa Mungu akipenda, ndipo ovadrafti inapokaa.

Sokoni hatuiiti ovadrafti, tunaiita odi. Jirani yangu muuza nazi kwa muda mrefu alidhani nasema hodi. Siku moja akaniuliza, "Shoga, hodi gani hiyo ya benki kila siku? Kwani hawakukaribishi?"

Kwa asiyeijua: mkopo wa kawaida unapewa fungu lako lote siku moja, kisha unalipa marejesho kila mwezi mpaka uishe. Odi haina marejesho. Imefungwa kwenye akaunti ya biashara, unaruhusiwa kwenda chini ya sifuri mpaka kwenye kikomo mlichokubaliana, na hela yoyote inayoingia inakupandisha. Riba inahesabiwa kila siku kwa kile ulichotumia tu, halafu inakatwa mwisho wa mwezi. Yangu ni asilimia 18 kwa mwaka. Nikitumia milioni sita siku thelathini, riba ni kama 88,700. Nikizirudisha baada ya siku kumi, ni kama 29,600 tu. Kwa hiyo odi ni rafiki wa mtu anayerudisha upesi. Kuna na ada ya mwaka, asilimia moja ya kikomo, hiyo inakatwa utumie usitumie.

Kuipata kulinichukua miezi miwili mwaka 2022. Stetimenti za miezi sita, leseni ya biashara, karatasi za kodi za TRA, mthamini akaja kupima nyumba yetu ya Makorora huku watoto wa jirani wakimfuata na utepe wake. Sheria ya ardhi inataka mwenza aridhie nyumba ya familia ikiwekwa rehani, kwa hiyo mzee wangu naye alipaswa kusaini. Mzee hakulipenda neno riba. Akanituma kwanza kwenye benki inayofuata sharia, nami nikaenda kwa moyo mmoja. Walinieleza murabaha: wao wananunua mzigo, kisha wananiuzia mimi kwa faida tunayokubaliana, nalipa kidogo kidogo. Jambo zuri, ila wao wanataka ankara ya muuzaji mwenye duka na risiti, na wauzaji wangu mimi ni akina mama wa milimani wenye debe kumi kila mmoja, risiti yao ni kushikana mikono. Tukarudi nyumbani. Mzee akakaa siku nne bila kulizungumza, ya tano akasaini, akasema, "Usiizoee." Neno lake hilo moja tu.

Miaka miwili ya kwanza sikuizoea. Shule ikilipa, akaunti inapanda juu ya sifuri, nakaa wiki mbili tatu bila deni, nanunua tena, nashuka tena. Watu wa Tanga tuna msemo wetu, waja leo waondoka leo. Odi yangu ilikuwa hivyo, mgeni mwenye adabu.

Sasa guta. Nilikuwa nalipa vijana wa mikokoteni na gari za kukodi kila nikipeleka mzigo shule, nikapiga hesabu kuwa guta langu mwenyewe litaokoa kama laki mbili kwa mwezi. Hesabu ilikuwa sahihi, na mpaka leo nasema ilikuwa sahihi. Nilipokosea ni pale nilipochukua hela. Nikaona mashine imeniandikia milioni nne na laki mbili, guta lililotumika linauzwa milioni tatu na laki tisa, nikalipa. Kwa siku moja deni langu likapanda mpaka milioni tisa na laki saba, na mali niliyonunua ni ya kurudisha hela yake kwa miaka karibu miwili. Maharage nikiyanunua yanageuka kuwa hela ndani ya miezi mitatu. Guta halipelekwi shule likalipwa.

Toka hapo ule mstari wa juu haukupanda tena. Mauzo yanaingia, mzigo unatoka, lakini chini pale pamebaki kama milioni nne zisizosogea, zimekaa kama tope la kisimani. Mwisho wa Novemba nikaonja jambo jipya. Nilikuwa chini kwa 9,720,000, najiona nina nafasi. Riba ya mwezi ikakatwa, kama 145,000. Siku hiyohiyo ikakatwa bima ya moto ya stoo na nyumba, 210,000, ambayo ipo kwenye mkataba na nilishaisahau. Jumla 10,075,000. Nimepita kikomo kwa shilingi 75,000, na juu ya kikomo riba ni nyingine, ya adhabu. Kilichonipitisha si maharage wala guta, ni karatasi ya bima. Siku hizi kila ikifika tarehe 25 naacha laki tatu zisiguswe, hata aje mteja wa namna gani.

Januari 2025 shule zikafunguliwa, nikapeleka mzigo mkubwa, zaidi ya kawaida yangu. Ankara za milioni kumi na moja na laki sita. Niliambiwa Machi. Machi ikaja, nikaambiwa fungu halijashuka. Aprili mhasibu akawa semina. Mei nikaacha kuuliza, nikawa napita getini tu walinzi wanione.

Na benki nao wakaanza kupiga. Afisa mikopo wangu ni kijana mpole, mtu wa Kanda ya Ziwa. Namba yake kwenye simu niliiandika "Kijana Benki". Akipiga, naigeuza simu inalala kifudifudi juu ya gunia. Akipiga ya dukani, binti yangu anamwambia mama amekwenda Pongwe msibani. Msiba huo wa Pongwe uliendelea wiki tatu. Nacheka sasa. Wakati ule kila simu ikilia tumbo linanikata.

Nilichokuwa namkimbia sikijui. Hajawahi kunitukana. Nadhani nilikuwa naona haya kumwambia mtoto wa umri wa mwanangu kuwa sina. Kwetu mtu akikudai unampikia chai, unamweleza, anaondoka. Nikasahau kuwa huyu naye ni mdai, kwamba chai yake ilikuwa ni kupokea simu.

Mwishoni mwa Mei nilimpa hundi mwenye mchele, milioni moja na laki nane, nikiamini shule italipa kabla hajaipeleka. Ikarudi. Benki ikanikata na ada ya hundi kurudi, kama vile kidonda kinahitaji chumvi. Yule baba hakupiga kelele. Alikuja dukani saa nne asubuhi, wateja wamejaa, akatoa ile hundi mfuko wa shati, akaiweka juu ya mizani yangu. Mshale haukusogea. Akaniangalia, akaondoka. Mama mmoja aliyekuwa anasubiri kilo mbili za choroko akasema amekumbuka kitu nyumbani.

Ila hilo bado si la kuniamsha. Lililoniamsha ni la kijumbe.

Mimi ndiye kijumbe wa upatu wetu. Tupo wanawake kumi na nane, wauza nazi, wauza vitumbua, mshonaji, muuza dagaa wa Deep Sea. Kila baada ya siku kumi na tano kila mtu anatoa elfu hamsini, zinakuwa laki tisa, mmoja anapokea. Nimeshika daftari hilo miaka sita na halijawahi kupungua hata mia. Kwa kawaida hela ikikusanywa inalala kwangu usiku mmoja, ndani ya kopo la maziwa, asubuhi mwenye zamu anachukua.

Ijumaa ya tarehe 13 Juni 2025, siku chache tu baada ya Idi Kubwa, nilikuwa nimeshakusanya zote. Nikajipa akili. Benki wananipigia, bila shaka kwa kuwa akaunti imelala. Je, nikiziingiza hizi leo kwa wakala, kesho nikazitoa, si akaunti itaonekana ina uhai? Wakala yuko mlango wa tatu kutoka dukani. Nikampa laki tisa, akanipa risiti, ujumbe ukaingia kwenye simu. Usiku nikalala vizuri, nakumbuka.

Jumamosi asubuhi nikavuka reli, nikatia kadi, nikaandika laki tisa. Mashine ikafikiri. Ikaniambia salio halitoshi. Nikadhani nimekosea sifuri. Nikaandika tena. Nikaandika laki tano. Nikaandika elfu ishirini. Nyuma yangu foleni imekuwa ndefu, kijana mmoja akaniambia, "Mama, tukusaidie?" Nikamwambia hapana mwanangu, mashine hii ina matatizo. Mashine ilikuwa nzima kabisa.

Kilichotokea ni hiki. Odi ina umri wake wa mwaka mmoja, na yangu ilifikisha mwaka Alhamisi, tarehe 12. Kabla ya siku hiyo mteja na benki wanakaa, wanaangalia mwaka ulivyokwenda, wanasaini upya. Ndiyo sababu kijana alikuwa anapiga. Barua nayo ilikuja, imelala sanduku la posta ninalolifungua mara moja kwa mwezi. Hatukukaa, hatukusaini, kikomo kikafa. Akaunti ikabaki na deni la milioni tisa na laki nne na kikomo cha sifuri. Hela yoyote inayoingia humo inamezwa, na kutoa huwezi. Nilizitupa hela za wanawake kumi na nane kwenye kisima nikasimama juu na kamba fupi.

Mwenye zamu alikuwa muuza vitumbua wa Barabara ya Kumi na Mbili. Ameshalipia nusu ya bati, fundi anakuja Jumapili. Aliniambia atapita baada ya alasiri.

Sikumwambia mzee. Nilimwita mchuuzi mmoja wa maharage, nikamwonyesha magunia matatu. Niliyanunua 270,000 kila moja. Mfanyabiashara mwenye shida anatoa harufu, na wenzake wanainusa kabla hajataja bei. Akayazunguka, akachoma bambo la kuchotea punje, akazimimina kiganjani, akazipuliza, akasema 210,000. Tukakubaliana 230,000, na nilimwona anazuia kicheko. Hapo laki sita na tisini. Droo ilikuwa na 187,000, elfu kumi na tatu nikazifungua kwenye kibubu cha mjukuu, elfu kumi zilizobaki nikamkopa muuza nazi. Alasiri ilipofika laki tisa zilikuwa mezani, nyingine zina vumbi la maharage. Muuza vitumbua akahesabu mara mbili kama kawaida yake, akanibariki, akaenda. Nikafunga mlango wa stoo nikakaa juu ya gunia mpaka magharibi.

Wenzangu niliwaambia wiki iliyofuata, barazani, daftari likiwa magotini. Sikulazimishwa, hela ilishalipwa, ningeweza kunyamaza. Lakini jirani wa nazi alijua nusu, na nusu inatembea kuliko nzima. Walinyamaza. Mmoja akauliza, "Kwa hiyo siku ile tungekosa?" Nikamjibu ndiyo. Bibi yetu mkubwa, yule mshonaji, akakata uzi kwa meno, akasema, "Basi daftari libaki kwako, hela zikae kwa mwingine." Na hivyo ndivyo ilivyo mpaka leo. Hawakunitoa, na sikuombwa maelezo zaidi, lakini nilitembea kurudi nyumbani nikijua nimepungua.

Jumatatu tarehe 16 nilivaa baibui la Idi nikaenda benki kabla hawajafungua. Nilibeba kikapu, si mkoba: hati zote za kupokelea mzigo zilizosainiwa na watunza stoo, ankara, daftari la mauzo, risiti za mashine ya TRA.

"Shikamoo mama. Pole na msiba."

"Marahaba mwanangu. Msiba umekwisha."

Hakuuliza zaidi. Akageuza kompyuta nione. Akanionyesha akaunti yangu ya mwaka mzima imechorwa kama mstari. Mpaka Septemba 2024 mstari unapanda juu ya sifuri, unashuka, unapanda, kama mawimbi ya Raskazone. Kuanzia Oktoba umelala chini, umenyooka.

"Hapa ulinunua nini, mama?"

"Guta."

Akavuta pumzi. "Guta ungekuja tukakupa mkopo wake. Hii odi ni ya mzigo wa siku tisini."

Nikamwambia msemo wetu, waja leo waondoka leo, nikamweleza kwamba odi yangu nayo ilikuwa inakuja na kuondoka vizuri tu, ila hii ya guta ilikuja ikaoa kabisa, ikajenga. Alicheka mpaka keshia akageuka. Kisha akatoa makaratasi kikapuni, moja moja, akayapanga. Akauliza swali ambalo sijalipatia jibu mpaka leo: "Hizi saini za Januari na Februari, kwa nini hukuniletea Machi?" Kumbe hati iliyosainiwa na ankara ya shule zina uzito benki. Angeweza kuomba nyongeza ya muda, au mkopo mfupi wa kusubiria ankara. "Mimi kila Alhamisi nina kikao na meneja," akasema. "Wakiuliza habari zako, nilikuwa nasema hapokei simu. Unafikiri wanaandika nini?"

Nami nilikuwa na langu, nikalisema. Benki hii inanitumia ujumbe kila wiki, mara bahati nasibu, mara sikukuu njema, mara pakua programu. Siku kikomo kinakufa hawakunitumia hata neno moja kwenye simu. Barua ya posta mwaka 2025? Na wakala alipokea laki tisa za watu bila kunionya. Kijana akanifungulia mkataba, ukurasa wa nne: fedha yoyote itakayoingia itapunguza deni. Saini yangu ipo pale, nzuri kabisa, na ya mzee pembeni. Kuhusu ujumbe wa simu akasema niandike malalamiko. Nikaandika palepale, nikaomba namba ya kumbukumbu. Benki Kuu ina kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha tangu 2019, na usiporidhika na jibu la benki yako unaweza kulipeleka jambo kwao. Sikufika huko. Baada ya wiki mbili walinirudishia riba ya adhabu ya siku zile, bila kukiri kosa. Nikaipokea bila kushukuru.

Tulichokubaliana ni hiki. Baada ya zile laki tisa kumezwa, deni lilibaki milioni nane na nusu. Milioni tano zikatolewa kwenye odi zikafanywa mkopo wa kawaida wa miezi kumi na minane, marejesho kama 319,000 kila mwezi. Hilo ndilo guta pamoja na tope lake. Milioni tatu na nusu zilizobaki zikawa odi, kikomo kipya milioni nne na nusu. Ada ikanikata 95,000. Kuidhinishwa kulichukua siku tisa, na siku hizo niliuza nafaka kwa kilo kama mtu aliyeanza biashara jana.

Marejesho yanauma, sitadanganya. Lakini yana mwisho, na mwisho wake una tarehe. Ile tope ya chini haikuwa na tarehe yoyote, ilikuwa inakula riba tu na mimi najiona nafanya biashara.

Yule baba wa mchele nilimlipa taslimu kwa mafungu matatu. Hundi yangu hapokei mpaka leo. Na tuliambizana na kijana kuwa nina bahati sijapitisha muda wa deni kwa siku nyingi zaidi, maana taarifa za wakopaji zinakusanywa na kampuni zenye leseni ya Benki Kuu, benki yoyote utakayokwenda inakusoma kabla hujakaa.

Julai shule ikalipa milioni nane, zilizobaki zikaja Septemba. Mwezi huohuo wa Julai redio ikatangaza Benki Kuu imeshusha riba yake kutoka asilimia 6 hadi 5.75. Mzee akasema, haya, nenda kadai na wewe ushushiwe. Nikaenda kweli. Kijana akanieleza kuwa hiyo ndiyo riba Benki Kuu inayoongoza nayo bei ya fedha baina ya mabenki, haifiki dukani kwangu siku hiyohiyo. Yangu imebaki 18. Ila alisema nikifika wakati wa kusaini upya niulize tena, na nimeiandika ukutani kwa chaki.

Zamani mauzo yalikuwa yanalala nyumbani Jumatatu mpaka Ijumaa, nikapeleka fungu moja nene. Sasa yanakwenda kwa wakala kila jioni. Riba ninayookoa ni ndogo, laki nane kwa siku moja ni kama shilingi 394, haitoshi hata vitumbua. Nafanya hivyo kwa sababu ya ule mstari wa kwenye kompyuta. Nataka utembee. Na kila karatasi ya ATM naigeuza nyuma, naandika kwa kalamu namba ya mstari wa juu pamoja na kijistari chake, namkabidhi binti aibandike kwenye daftari. Yeye ndiye anayekumbusha sasa. Vijana wana odi zao kwenye simu, unatuma hela usizonazo, mtandao unakuongezea, ukipokea tu unakatwa. Alikuwa nayo bila kuniambia. Tulikaa tukaisoma pamoja.

Juzi Kijana Benki amepiga. Nilipokea kabla haijalia mara ya pili. Akasema akaunti yangu imependeza, meneja ameiona, na wanaweza kunipandishia kikomo mpaka milioni nane. "Unastahili mama, ukisema ndiyo naanza makaratasi leo." Nikamwomba mpaka Alhamisi, siku ya kikao chake. Mzee nimemwambia, amenyamaza. Hii ni siku ya tatu. Na leo asubuhi guta limepasuka tairi la nyuma pale Makorora, na magunia kumi na mbili ya shule yako juu yake.